Tanga Iliyonipokea: Mafunzo Saba ya Karani wa Mizani

Nilikuja Tanga kwa ajili ya mshahara. Kwetu ni Songea, na ndugu aliyenipa habari za nafasi ya karani wa mizani katika yadi ya malori alisifia kazi, mji hakuuzungumzia. Kazi yenyewe si ngumu kueleza. Lori linapanda mizani likiwa tupu, naandika. Linarudi limepakia, naandika tena. Tofauti ya namba hizo mbili ndiyo mzigo. Ukikaa kwenye dirisha lile kwa miaka, unajua mji unauza nini na unanunua nini kabla hujawajua majirani zako: saruji, chokaa, marobota ya katani, mbao, maziwa, machungwa ya Muheza yakifika msimu wake.

Siku hizi madereva wakitaka kunichokoza husema mbele yangu kwamba Tanga imelala, kisha husogea pembeni wasikilize. Nimekuwa mtetezi wa mji nisiozaliwa ndani yake, na wapo wanaoniuliza utetezi huo nimeupata wapi. Nimeupata katika mambo haya saba.

1. Mji wa kazi utazame saa ya zamu

Mgeni akifika Tanga hupelekwa Raskazone akaoge baharini, akapelekwa Mapango ya Amboni, kisha akakalishwa barazani na kuambiwa "Tanga raha". Sina ugomvi na ratiba hiyo. Ila anayeuona mji saa nane mchana tu, jua limeshika na maduka yamefungwa nusu mlango, ataondoka na habari za usingizi.

Mimi nilianza kuupenda saa kumi na moja na nusu alfajiri. Tanga ni tambarare, na sijakaa mji mwingine wenye baiskeli kama huu. Zinatoka Makorora, Mabawa na zile barabara za namba za Ngamiani, wanaume kwa wanawake, buibui limekunjwa na kubanwa lisiingie kwenye mnyororo. Wa bandarini wanashuka upande wa bahari. Wa viwanda vya Pongwe wanasubiri gari la zamu kando ya barabara ya Segera. Waliokesha kazini wanarudi kwa njia hiyohiyo, nyusi zimejaa vumbi la saruji, wakiamkiana na wanaokwenda bila kushuka kwenye baiskeli. Mama wa maandazi ameshapanga vikombe. Anajua nani anakunywa ya rangi na nani ana deni la juzi.

Pale hakuna kinachoandaliwa kwa ajili ya mtalii. Ndipo nilipoona kwamba upole wa Tanga, unaosifiwa na wengine na kuchekwa na wengine, ni upole wa watu waliokwisha kutoka jasho. Unayemwona akijikokota saa tisa alasiri huenda ameshinda mbele ya tanuri tangu kabla hujaamka.

2. Chagua kitu kimoja, ukifuate tangu mwanzo hadi mwisho

Mji wa viwanda ukiutazama wote kwa mkupuo ni moshi na kelele. Mimi nilichagua mkonge, au tuseme nilichaguliwa. Dereva mmoja aliyezoea kuleta marobota aliniambia, "Dada, unapima usichokijua," akanipeleka siku ya mapumziko hadi shamba moja upande wa Muheza.

Niliwaona wakataji wakiwa mistarini tangu asubuhi na mapema, wakikata majani ya chini, wakiondoa mwiba wa ncha, wakiyafunga matita. Kutoka hapo jani huenda kwenye korona, mashine inayoliponda na kulikwangua kwa maji mengi hadi nyama yake itoke na kubaki nyuzi. Nyuzi huanikwa juani, hupigwa brashi, hupangwa kwa madaraja, kisha hushindiliwa kuwa robota la katani. Jani moja lina nyuzi zipatazo 1,000, lakini ukipima uzito wa jani bichi, nyuzi hizo ni kama asilimia 4 tu. Mimi ni mtu wa uzito, na hesabu hiyo ilinikaa. Kila tani ya katani iliyopita mbele yangu ilikuwa imedai tani 25 hivi za majani yaliyokatwa kwa mikono, moja moja. Baada ya safari ile sikuweza tena kuandika uzito wa robota kama naandika namba tu.

Mkonge wenyewe una historia ya safari. Asili yake ni Mexico. Mwaka 1893 mtaalamu wa kilimo wa Kijerumani, Richard Hindorf, aliuleta huku kwa kupitia Florida. Kati ya miche 1,000 iliyosafirishwa, iliyofika hai ilikuwa 62. Ilipandwa Kikogwe, karibu na Pangani. Mwaka huohuo reli ya kwanza ya Tanzania Bara ilianza kujengwa kutoka Tanga, na ikafika Moshi mwaka 1911. Miche 62 na njia moja ya chuma: mashamba makubwa ya mkoa huu yalianzia hapo, na mashamba ndiyo yaliyoijaza bandari, karakana na mitaa.

Kwa hiyo namshauri kila anayehamia mji wa viwanda: kama ni saruji, nenda machimboni uone jiwe, kama ni maziwa, nenda kwa mfugaji. Maziwa ya Tanga Fresh, kwa mfano, huonekana madukani kama pakiti tu, lakini nyuma ya pakiti kuna wafugaji wadogo na vyama vyao vya ushirika waliojipanga tangu miaka ya 1990, na ng'ombe wawili watatu wa mtu mmoja ni sehemu ya kiwanda kile.

3. Uliza kila mwenyeji ametokea wapi

Mwanzoni nilijihesabu mgeni kati ya wenyeji. Halafu mzee mmoja jirani yangu Makorora, niliyekuwa nikimwamkia "shikamoo" kila asubuhi nikidhani ni Mdigo, akanijibu siku moja kwa Kingoni. Baba yake alitoka kwetu.

Alikuja kama manamba, kibarua wa mkataba. Mashamba ya mkonge yalihitaji watu wengi kuliko waliokuwapo pwani, na wenyeji wa hapa walikuwa na mashamba na bahari yao. Hawakuona sababu ya kumkatia mtu majani kwa ujira ule. Hivyo watu walitafutwa mbali: Songea, Kigoma, Unyamwezi, Msumbiji, Burundi, Rwanda. Mwaka 1944 wenye mashamba waliunda ofisi ya pamoja ya kuajiri vibarua, ikajulikana kama SILABU. Kibarua alipewa kipande, kadi ya siku 30 za kazi, na mshahara haukutoka mpaka kipande kijae. Mzee wangu anakumbuka baba yake akikificha kipande mahali pa salama kuliko fedha yenyewe.

Wengi walirudi makwao mkataba ulipokwisha. Wengi hawakurudi. Walijenga Ngamiani na vitongoji vyake, wakaoa Wabondei na Wasambaa, wakafundishwa Kiswahili na Wadigo na Wasegeju, wakazikana kwa utani wa makabila, maana ndugu wa damu alikuwa mwendo wa majuma. Pamoja nao walikuwapo Wahindi wa reli na maduka, Wagiriki wa mashamba, Waarabu na Washihiri wa pwani. Hata Shaaban Robert, ambaye Tanga humtaja wa kwanza inapojisifu, alizaliwa Vibambani mwaka 1909 katika familia yenye asili ya Kiyao, watu wa kusini. Naye alikula mshahara wa ukarani serikalini miaka mingi huku akiandika vitabu usiku. Karani mwenzangu, basi, na mtoto wa waliohamia.

Watu husema Tanga waja leo, kuondoka majaliwa. Huwa inasemwa kwa kucheka, ikidokeza mapenzi na ndumba. Mimi naielewa kwa njia ya kawaida zaidi: huu ni mji ambao kubaki kumekuwa desturi yake tangu reli ilipolazwa. Tangu nijue hayo sijaomba tena ruhusa ya mtu kusema "kwetu Tanga".

4. Jua sababu za kuanguka kabla ya kumlaumu mtu

Hakuna baraza la Tanga lisilo na wimbo wa zamani. Zamani kulikuwa na kiwanda cha mbolea. Zamani meli zilipanga foleni. Zamani king'ora kikilia mji mzima unajua saa. Ukisikiliza juu juu utatoka na hukumu kwamba watu walizembea, na ndiyo hukumu wanayopenda wapita njia.

Nilitaka kujua, nikasoma na kuuliza. Mwaka 1964 Tanzania ilitoa takriban tani 230,000 za katani na ilikuwa ya kwanza duniani. Mwishoni mwa miaka ya 1990 ilikuwa imeshuka hadi kama tani 20,000. Kati ya namba hizo mbili kuna mambo mengi yaliyofuatana. Kamba za plastiki zitokanazo na mafuta ziliingia sokoni zikiwa rahisi, na bei ya katani ilikuwa imeshaanguka kabla ya Azimio la Arusha la mwaka 1967. Utaifishaji ukafuata, mashamba mengi yakawa chini ya shirika la umma lililokabiliwa na bei mbaya sokoni na upungufu wa wataalamu. Miaka ya 1970 ikaleta kupanda kwa bei ya mafuta na Vita vya Kagera; fedha za kigeni zikakauka, vipuri vikakosekana, mashine zikasimama kwa kukosa beringi. Soko lilipofunguliwa, bidhaa za nje zikavikuta viwanda vyetu vimechoka. Kiwanda cha mbolea kilifungwa mwanzoni mwa miaka ya 1990.

Bandari nayo ilikuwa na tatizo lake la maumbile. Kina cha maji gatini kilikuwa kidogo, hivyo meli kubwa zilitia nanga mbali na mzigo ukapakuliwa kwenye matishari, mara mbili kazi na mara mbili gharama. Mwenye meli angeendaje Tanga huku Mombasa na Dar es Salaam zipo?

Kujua sababu kuna faida: kunakuonyesha pia mlango wa kutokea. Kina cha bandari kimechimbwa hadi mita 13 na gati la mita 450 limeimarishwa, sasa meli inafunga kamba gatini. Mwaka 2019 treni za mizigo zilirudi kwenye njia ya Moshi iliyokuwa imeota majani. Katani imepata wanunuzi wapya kwa sababu dunia imeanza kuchoka na plastiki ileile iliyoiua. Mavuno bado hayajafika hata theluthi ya yale ya 1964, na sitamdanganya mtu kwamba yamefika. Ila ninapoona lori la marobota likipanda mizani, najua linatoka wapi na limevuka nini.

5. Mshahara ukitoka, sikiliza mji unacheza nini

Hili ni fupi kwa sababu ni tamu. Mji wenye watu wa kila kabila na mshahara wa mwisho wa mwezi hutengeneza burudani yake wenyewe. Tanga ya miaka ya 1960 na 1970 ilikuwa na bendi za Atomic Jazz na Jamhuri Jazz. Ilikuwa na Black Star na Lucky Star, vikundi vilivyoingiza gitaa la umeme na besi kwenye taarabu, na sauti ya mwimbaji Shakila ikavuka kutoka hapa hadi Mombasa na kwingineko. Taarabu ile haikuhitaji kumbi za watu wakubwa. Ilichezwa harusini kwa makuli na mafundi.

Na kwenye uwanja wa Mkwakwani kuna mpira. Coastal Union walichukua ubingwa wa Tanzania mwaka 1988, na kuna watu wazima hapa wanaokumbuka mwaka ule kuliko mwaka waliooa. Upande wa pili wapo African Sports. Nilishauriwa mapema nichague mmoja, kwa kuwa asiye na timu Tanga hana pa kukaa Jumapili. Nilichagua, na sitasema ipi, maana nusu ya madereva wangu wako upande wa pili.

6. Anayeupenda mji huudai

Yapo mapenzi ya kusifia tu, na hayo hayaujengi mji. Nilijifunza hili kwa mama mmoja wa mtaani kwetu, mzaliwa wa hapa, ambaye hakosi mkutano wa mtaa. Akisimama huanza kwa kuisifu Tanga, kisha hufungua daftari: mfereji uliozibwa, taa isiyowaka, shimo barabarani. Nilimuuliza haoni anaupaka mji matope mbele ya wageni. Akaniambia, "Mwanangu, anayenyamaza ndiye aliyeutupa."

Vumbi la saruji ni ajira, na pia ni kifua cha mtoto. Mtu anaweza kuyasema yote mawili kwa pumzi moja. Yale mabaki ya mkonge, asilimia 96 ya jani, kwa miongo mingi yalimwagwa tu na maji yake kuingia mitoni. Hilo nalo lilianza kupata jibu: huko Hale, mwishoni mwa miaka ya 2000, ulijengwa mtambo wa kuyageuza mabaki hayo kuwa gesi na umeme. Ilionekana kwamba taka iliyolaumiwa miaka yote ilikuwa mali iliyokosa mtu wa kuihesabu.

Sasa lipo bomba la mafuta ghafi kutoka Hoima, Uganda, lenye urefu wa kilomita 1,443, ambalo mwisho wake ni Chongoleani, kaskazini tu ya mji. Mafuta yale yana nta nyingi, kwa hiyo lazima yapashwe moto njia nzima ili yatiririke. Nimepima malori mengi yaliyohusika na ujenzi wake na nimeona vyumba vya kupanga vikijaa na mama ntilie wakiongeza masufuria. Najua pia kwamba wapo waliohamishwa kwenye ardhi yao, na kwamba bahari ya kupokea meli za mafuta hayo ndiyo yenye Hifadhi ya Bahari ya Silikanti, iliyotangazwa mwaka 2009 kwa ajili ya samaki ambaye wanasayansi waliwahi kudhani alitoweka zamani za dinosaria. Mtetezi wa mji hatakiwi kuchagua kati ya ajira na silikanti kana kwamba ni Coastal na African Sports. Anatakiwa kuuliza: fidia imelipwa vipi, mafuta yakimwagika nani anawajibika, vijana wa Tanga wamepewa kazi za ufundi au za kulinda geti? Anayeuliza hivyo si adui wa maendeleo. Ndiye atakayeishi nayo wakandarasi wakishaondoka.

7. Mkaribishe anayefuata

Utetezi wa mji haukai kwenye hotuba. Mimi sina jukwaa, nina dirisha. Walimu wa sekondari mbili jirani huniletea wanafunzi, wasichana hasa, nami huwapandisha mizani wote kwa pamoja, tukacheka, kisha nawaonyesha hesabu ya lori tupu na lori lenye mzigo, na ramani ya mzigo huo unakotoka. Wengi wao wamezaliwa Tanga na hawajawahi kuingia ndani ya geti la kiwanda. Hawawezi kuutaka ufundi wa mitambo ikiwa mitambo yenyewe wanaisikia kwa mbali tu.

Kwa wafanyakazi wapya ninao wosia wangu. Nunua baiskeli kabla ya televisheni. Panga uswahilini, si mbali, ili majirani wakujue ukiugua. Jifunze salamu za Kidigo na Kisambaa, hata kama utachekwa. Mwamkie kila mzee, kisha muulize alifanya kazi wapi. Utapewa historia ya kiwanda ambayo haijaandikwa popote. Nenda makumbusho ya Urithi, kwenye jumba la boma la zamani, utazame picha za mji. Na siku ya mkutano wa mtaa, nenda, hata kama umetoka zamu ya usiku.

Huwa wananijibu kwamba wao ni wa kupita tu, mkataba ni wa miaka miwili. Nawaambia ni sawa, hata waliokuja na kipande mkononi walikuwa wa kupita. Walipokuwa wakipita walichimba visima, wakajenga misikiti na makanisa, wakaunda bendi na timu, wakagoma walipopunjwa, na matokeo ya upitaji wao ndiyo mji tunaolala ndani yake. Kwa hiyo kijana atakayeripoti kazini Jumatatu ijayo asingoje aitwe mwenyeji ndipo aanze kujali. Taa ya barabara yake ikiwa haiwaki, aidai wiki hiyohiyo.